Kilomita Zile Zile kati ya Nairobi na London

Tarehe 27 Februari 1920, ndege ya injini mbili aina ya Vickers Vimy ilijaribu kupaa kutoka kiwanja kipya cha Tabora. Haikufika mbali. Ilirudi chini ikavunjikia porini, na waliokuwemo wakatoka wakiwa hai. Mmoja wao alikuwa Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama ambaye gazeti la The Times la London lilimtuma aandike habari za safari ya kwanza ya ndege kutoka Uingereza hadi Cape Town. Walikuwa wameondoka Brooklands, kusini-magharibi mwa London, tarehe 24 Januari. Siku 34 zilikuwa zimepita, na safari yao ikafia Tabora.

Mtu aliyepanda meli London wakati ule, akapita mfereji wa Suez, akashuka Dar es Salaam na kuchukua treni ya bara, angefika Tabora kwa muda usiotofautiana sana na huo. Ndege ilikuwa ajabu ya dunia, lakini kwa hesabu ya siku haikuwa imeipita meli.

Nimeanza na Tabora kwa sababu ajali ile inaeleza jambo ambalo hesabu za safari za ndege hulificha. Kutoka Nairobi hadi London, ukipima mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, ni kama kilomita 6,840. Umbali huo haujapungua hata hatua moja tangu mwaka 1920. Muda ndio uliopungua: leo abiria hukaa angani saa nane na nusu hivi, pengine tisa. Wengi tukiulizwa sababu tutasema ndege zimekuwa na mbio. Ni kweli, lakini piga hesabu uone. Vimy ilikwenda kama kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 6,840 ni saa 43, chini ya siku mbili. Ndege ya mwaka 1920, kama ingeweza kwenda bila kusimama, ingemfikisha mtu London kabla ya jua la siku ya pili kuzama. Basi zile siku nyingine zote zilikwenda wapi?

Jibu liko chini, ardhini. Historia ya njia hii nimeisoma kwa miaka, na kila ninapoirudia naona kwamba hadithi yake kubwa ni ya viwanja, mafuta, usiku, mvua, mipaka na ruhusa za serikali. Ndege yenyewe ni sehemu moja tu.

Majuma machache baada ya ajali ya Tabora, marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walifika Cape Town tarehe 20 Machi. Waliondoka Brooklands tarehe 4 Februari kwa Vimy waliyoiita Silver Queen. Hiyo ikavunjika kaskazini, kabla hawajafika Khartoum. Wakapewa nyingine, nayo ikaharibikia Bulawayo. Wakamalizia kwa ndege ya tatu, ndogo, aina ya DH.9. Walitumia siku 45, lakini muda waliokuwa hewani ulikuwa saa 109 na nusu. Siku 45 ni saa 1,080. Kwa maneno mengine, katika kila saa kumi za safari ile, saa moja tu waliruka. Tisa zilizobaki walikuwa chini wakitengeneza, wakingoja, wakilala, wakitafuta mafuta.

Hata hivyo, walikuwa na mahali pa kutua, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1918, vita ilipokuwa imekwisha tu, wizara ya anga ya Uingereza ilituma vikosi vitatu vya wapima ardhi kuitafuta njia kutoka Cairo hadi Cape Town. Kimoja kilishika kaskazini, cha pili kilishika eneo la maziwa makuu, cha tatu kilianzia Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, kwenda kusini. Kazi ilikuwa kupata vipande vya ardhi tambarare, vya kutosha ndege kutua, kila baada ya kilomita mia chache.

Anayeijua nchi ya miombo anajua tatizo lililowakabili: vichuguu. Si vile vidogo vya kuruka kwa hatua, ni vile vinavyomzidi mtu kimo, udongo wake umeshikamana ukawa mgumu kama saruji. Ndola, kaskazini mwa Rhodesia ya wakati ule, vibarua 700 walifanya kazi kuanzia Aprili hadi Agosti 1919 kuviondoa ili kipatikane kiwanja kimoja. Uzito wa udongo waliouhamisha ulikadiriwa kuwa tani 25,000. Walichimba kwa jembe na sururu, wakabeba kwa vikapu. Wengi wa watu wa rika lao, huku kwetu na huko kwao, walikuwa wametoka tu kubeba mizigo ya majeshi katika vita ya Wajerumani na Waingereza. Van Ryneveld na Brand walipewa pauni 5,000 kila mmoja na cheo cha heshima kutoka kwa mfalme. Majina ya vibarua wa Ndola hayamo katika habari zinazosimuliwa za safari ile, na mimi naona wao ndio waliotengeneza njia. Bila kiwanja, Silver Queen ya pili isingevuka Zambia ya leo.

Rubani Mwingereza Alan Cobham alikuja baadaye, mwaka 1925, akiwa na fundi na mpiga picha. Aliondoka London tarehe 16 Novemba na kufika Cape Town tarehe 17 Februari 1926, kwa miezi mitatu, kwa kuwa alikuwa akikagua njia, akizungumza na magavana na kupima viwanja. Kurudi alikwenda bila shughuli hizo, akafika London tarehe 13 Machi, hata mwezi haukutimia. Ndege ni ileile, rubani ni yuleyule.

Safari za kulipia nauli zilianza mwaka 1931. Kampuni ya Imperial Airways, iliyosaidiwa na serikali ya Uingereza, ilirusha ndege yake ya kwanza ya Afrika kutoka uwanja wa Croydon, London, tarehe 28 Februari. Abiria waliishia Khartoum. Barua ziliendelea hadi Mwanza, zikafika tarehe 10 Machi. Mwanza! Kituo cha mwisho cha njia ya anga ya dola kubwa kuliko zote duniani kilikuwa bandari ya ziwa, maana kusini ya Khartoum kampuni ilitumia ndege za majini, zinazotua juu ya maji kama bata, na maji ya Nile na ya Ziwa Viktoria hayakuhitaji kufyekwa wala kusawazishwa. Ndiyo maana Kisumu ilitangulia Nairobi katika ramani ya anga. Kisumu ilikuwa na ziwa, na ilikuwa chini zaidi, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600, na nitaeleza baadaye kwa nini tofauti hiyo si ndogo.

Januari 1932 barua zilianza kwenda hadi Cape Town, na mwezi Aprili abiria wakafuata. Nauli kutoka London hadi Cape Town ilikuwa pauni 130 na safari ilipangiwa siku 11. Hadi Kisumu na Nairobi ilikuwa karibu wiki nzima. Tumfuate abiria mmoja wa mwaka ule. Anaondoka London kwa ndege hadi Paris. Paris anashushwa, anapanda treni. Ndiyo, treni, na anakaa humo hadi Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, kwa sababu serikali ya Italia na kampuni hiyo hazikuelewana kuhusu kupita anga la nchi yao. Kipande kizima cha Ulaya, ambacho ndege ingekivuka kwa siku moja, kinapitwa kwa reli kwa sababu ya karatasi isiyotiwa sahihi. Brindisi anapanda ndege ya majini hadi Athens, kisha Krete, kisha Alexandria. Hapo treni tena hadi Cairo. Cairo anapewa ndege ya nchi kavu inayofuata Nile hadi Khartoum. Khartoum anahamia ndege nyingine ya majini, anapita juu ya mabwawa ya mafunjo ya Sudd, ambako marubani walizoea kushuka chini ili abiria waone makundi ya tembo, hadi Juba, Port Bell na Kisumu. Kutoka Kisumu anachukua ndege ya nchi kavu kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na kuendelea kusini.

Kila jioni jua lilipozama ndege ilikuwa chini. Hapakuwa na taa za viwanja wala redio ya kuongoza usiku. Abiria walilala hotelini au katika nyumba za wageni zilizojengwa na kampuni, wakaamshwa kabla ya mapambazuko, maana asubuhi hewa imetulia na joto la mchana likishaanza kupanda kutoka mchangani ndege huyumba na watu hutapika. Mafuta yalingoja katika madebe, yaleyale ya galoni nne ambayo mama zetu walikuja kupimia mahindi na kuchotea maji. Vibarua waliyapokezana kwa mikono mpaka juu ya bawa. Juu hapo fundi aliweka faneli yenye ngozi laini ndani yake ili kuzuia maji na uchafu, akamimina debe baada ya debe, taratibu, maana ngozi haipitishi haraka. Huo ndio mwendo halisi wa safari ya London mwaka 1932: mwendo wa petroli ikipenya ngozi chini ya jua la Wadi Halfa.

Miji mingine ya Afrika Mashariki iliunganishwa na njia hiyo kwa juhudi za mwanamke mmoja. Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa akiishi Kenya, alianzisha Wilson Airways mwaka 1929 akiwa na rubani Tom Campbell Black na ndege moja ndogo. Kampuni yake ilibeba barua na watu kutoka kwenye njia kuu na kuwapeleka Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kwingineko. Uwanja wa Wilson wa Nairobi una jina lake mpaka leo, na mara nyingi nimesikia watu wakidhani Wilson alikuwa mwanamume.

Mwaka 1937 njia ilibadilika tena. Imperial Airways ilileta ndege za majini mpya za kampuni ya Short, zenye injini nne, sakafu mbili, nafasi ya abiria 24 na sehemu ya kusimama mtu akatazama nje dirishani. Safari ilianzia Southampton. Treni za katikati zikaachwa. Kutoka Kisumu ndege hizo hazikwenda tena Nairobi na Dodoma, zilishuka pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Beira na Durban. Watu wa Lindi waliwahi kuwa na usafiri wa moja kwa moja na Uingereza, barua zao zikibebwa kwa bei ya kawaida ya peni moja na nusu. Kutoka Southampton hadi Kisumu zikawa kama siku nne. Bado usiku hawakuruka.

Ndege moja ya kundi hilo iliitwa Corsair, na habari yake inastahili kusimuliwa kwa utulivu. Tarehe 14 Machi 1939 iliondoka Port Bell, Uganda, ikielekea Juba, safari fupi kuliko nyingi za njia ile. Chombo cha redio cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu. Rubani wake, Alcock, ndugu wa yule John Alcock aliyekuwa wa kwanza kuvuka Atlantiki bila kutua mwaka 1919, alitazamia kuuona Nile, asiuone. Waliipita njia kwa mbali wakaingia Kongo ya Wabelgiji. Mafuta yalipokaribia kwisha wakaona mto mwembamba, Dungu, karibu na Faradje. Alcock alitua juu yake. Tumbo la ndege likagonga mwamba, maji yakaingia, akaisukuma ufukweni kwenye matope. Hakufa mtu.

Kampuni ingeweza kuiacha pale. Lakini ndege hizo zilikuwa chache na ghali, na dalili za vita zilikuwa zimeshaonekana, kwa hiyo mafundi walitumwa kutoka Uingereza wakaitengeneze porini. Walipomaliza, mwezi Julai, ilijaribu kupaa ikagonga mwamba mwingine na kutoboka upya. Sasa walielewa kwamba mto wenyewe haufai. Wakajenga bwawa. Mamia ya vibarua wa Kikongo walikata magogo, wakabeba mawe, wakaziba Dungu ili maji yapande, mto upanuke na ndege ipate nafasi ya kukimbia. Kijiji kikaota mahali hapo, kikaitwa Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi tangu ianguke, Corsair ilipaa. Umbali kutoka Port Bell hadi Juba, kwa ndege ile, ulikuwa mwendo wa saa mbili tatu.

Miezi mitano baadaye London ilipotea kabisa kwenye njia. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Bahari ya Mediterania ikafungwa kwa ndege za abiria za Uingereza, na zile za majini zilizokuwa upande wa kusini zikapangiwa njia mpya yenye umbo la kiatu cha farasi: Durban, Lindi, Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu, Cairo, kisha Basra, Karachi, Singapore, hadi Sydney. Kwa muda Kisumu ilikuwa na ndege ya kwenda Australia lakini haikuwa na ya kwenda London. Ndege zilikuwa zilezile, marubani walewale, na maji ya Ziwa Viktoria yalikuwa palepale.

Vita iliacha viwanja virefu, rada, redio na marubani waliozoea kuruka gizani. Nadhani kuruka usiku ndiko kulikofupisha safari kuliko jambo lingine lolote, ingawa hakusimuliwi sana. Mwaka 1952 unaonyesha yote mawili, ya zamani na mapya. Tarehe 31 Januari binti mfalme Elizabeth wa Uingereza aliondoka London na mumewe kwa ndege ya Argonaut ya shirika la Uingereza la BOAC, yenye injini nne za mapangaboi. Walitua Libya kuongeza mafuta, wakaruka usiku kucha, wakafika Eastleigh, Nairobi, tarehe 1 Februari baada ya saa 19 hivi. Tarehe 6 baba yake alifariki. Habari zilimfikia mchana akiwa Sagana, nchini Kenya. Nanyuki, walikokwenda kupanda ndege, hapakuwa na uwanja wa kutosha Argonaut, hivyo walipelekwa Entebbe kwa Dakota ya East African Airways, na Entebbe dhoruba ya radi ikawachelewesha. Karibu na saa sita za usiku wakapaa. Jioni iliyofuata alikuwa London, malkia. Miaka ishirini kabla, angekaa njiani karibu wiki nzima.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, Comet ya BOAC iliondoka London na abiria 36, safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli. Ilikwenda Johannesburg ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ilifika kwa muda uliopungua kidogo chini ya saa 24. Wakazi wa Entebbe waliona jeti yenye abiria wa kulipa nauli kabla ya wale wa New York. Ndege hiyohiyo, yenye namba G-ALYP, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 na kuua wote 35. Nyingine ikafuata mwezi Aprili karibu na Naples. Wachunguzi huko Farnborough walizamisha bodi la Comet kwenye tangi la maji, wakalijaza na kulipunguzia mgandamizo mara nyingi mno, mpaka metali yake ikachanika. Ilikuwa imechoka kwa kutanuka na kunywea katika kila safari.

Nairobi nayo ilijengewa uwanja mpya, Embakasi, ukafunguliwa mwaka 1958. Hapa lazima niseme wazi nani aliujenga. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, na serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa na watu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau kuchimba na kusawazisha ardhi ile. Walipelekwa kwa nguvu na kufanyishwa kazi chini ya bunduki. Uwanja huo leo ni Jomo Kenyatta, ukiwa na jina la mtu ambaye wakati unajengwa alikuwa gerezani mwenyewe. Kila ninapoona bango linalosifu safari ya Nairobi hadi London kwa saa nane na nusu nakumbuka kwamba saa hizo zilinunuliwa kwa kazi ya watu ambao hawakuulizwa.

Mwinuko wa Nairobi uliwatesa wahandisi kwa miaka. Uwanja uko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Bawa hupata hewa kidogo ya kushika, injini hupata kidogo ya kuvuta, kwa hiyo ndege yenye mzigo na mafuta ya kufika Ulaya inahitaji kukimbia mbali sana kabla ya kupaa. Dawa ni tatu: njia ndefu, na ya Embakasi ina zaidi ya kilomita nne, injini zenye nguvu zaidi, au kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa. Ndiyo maana safari nyingi za Ulaya kutoka Nairobi zimekuwa za usiku. Ndege aina ya VC10, iliyoanza kazi mwaka 1964, iliundwa Uingereza kwa ajili ya viwanja vya namna hii hasa. Injini zake nne zilifungwa mkiani ili bawa libaki huru, litoe nguvu yote ya kuinua. Ilipendwa sana huku kwetu, na mpaka leo waliowahi kuipanda huizungumzia kwa mapenzi.

East African Airways, shirika la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanza mwaka 1946 na vindege vya abiria wachache, lilikuwa na Comet za aina mpya, zilizoimarishwa, kuanzia mwaka 1960, na miaka michache baadaye likanunua VC10 kubwa. Marubani na wahudumu wa nchi zetu walikuwa wakiruka njia ile ile iliyomshinda Chalmers Mitchell. Tarehe 18 Aprili 1972 moja ya VC10 hizo, ikienda London kutoka Nairobi, ilikuwa inapaa kutoka Addis Ababa wakati gurudumu la mbele lilipopasuka. Lilikuwa limekanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege ndogo. Rubani alijaribu kusimama, breki hazikutosha, ndege ikatoka mwisho wa njia na kuwaka moto. Kati ya watu 107, walikufa 43. Kipande cha chuma cha kukaa kiganjani.

Lakini muda wa safari hii haukuamuliwa na chuma na hewa peke yake. Februari 1968 ndege za Nairobi kwenda London zilijaa mpaka hapakuwa na kiti. Waliopanda walikuwa Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza. Sheria za Kenya za mwaka 1967 zilikuwa zimewataka wasio raia kuwa na vibali vya kazi, na sasa bunge la London lilikuwa likijadili muswada wa kuwazuia watu kama wao kuingia Uingereza kwa hiari. Muswada ulipita bungeni kwa siku chache na kuwa sheria tarehe 1 Machi. Familia ziliuza duka na vyombo kwa bei ya kutupa ili kuwahi. Aliyetua Heathrow tarehe 29 Februari aliingia. Aliyetua siku chache baadaye, na pasipoti ileile mkononi, aliweza kurudishwa alikotoka au kuwekwa kwenye foleni ya miaka. Siku hizi Mwafrika Mashariki anayekwenda London huanza kuhesabu muda wa safari siku anapopeleka maombi ya viza, na kwa wengi hesabu hiyo huzidi siku zote za ndege za mwaka 1932.

East African Airways ilikufa mapema mwaka 1977, na Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ikaifuata mwaka huohuo. Kenya Airways ilirusha ndege zake za kwanza mwezi Februari kwa Boeing 707 za kukodi. Air Tanzania na Uganda Airlines zikashika njia zao. Ndege za miaka iliyofuata zilikuwa kubwa na zenye kutumia mafuta vizuri zaidi, lakini mwendo ulibaki uleule, kama kilomita 900 kwa saa. Aliyeruka kwa VC10 mwaka 1970 bila kutua njiani alifika kwa muda uleule, au karibu sana na huo, wa anayeruka leo.

Lakini muda huo unategemea kupita karibu na ule mstari mfupi kuliko yote. Ukiuchora kutoka Nairobi mstari huo unapita Sudan Kusini, Kordofan na Darfur, mashariki ya Libya, kisha Sicily, Genoa na Ufaransa. Libya ilivunjika mwaka 2011 na anga lake likawa la hatari. Tarehe 15 Aprili 2023 vita ikazuka Khartoum. Miongoni mwa mahali pa kwanza kupiganiwa ni uwanja wa ndege, na ndege za abiria zilizokuwa zimeegeshwa, mojawapo Airbus ya shirika la Saudia, ziliteketea. Sudan ikafunga anga lake. Ndege za Nairobi zikaanza kuzunguka, nyingine kwa mashariki kupitia Ethiopia na Bahari ya Shamu, nyingine kwa magharibi kupitia Chad, zikibeba mafuta zaidi na kuchelewa kufika, na waongozaji wa ndege wa nchi jirani wakapokea kwenye redio zao msongamano ambao hapo awali uligawanywa juu ya nchi kubwa.